Nani Kaila Pembe?

Mashine inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta hufanya kazi kwa maandishi. Mstari mmoja unasema nenda hapa, kwa kasi hii. Mstari unaofuata unasema kisha nenda pale. Maandishi hayo huitwa G-code, na mtu yeyote anayejua kusoma namba anaweza kuyafuata kwa kidole. Lakini kuna jambo ambalo mistari hiyo huliacha kati, nalo ndilo lililonishughulisha miaka yangu ya kwanza kazini: mashine ifanye nini pale mstari mmoja unapokwisha na mwingine unapoanza?

Ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni swali la bure. Mstari wa kwanza ukiisha, wa pili uanze, basi. Lakini mfikirie mpanda baiskeli anayekwenda kusini na anatakiwa kugeuka mashariki. Akiwa na kasi, hawezi kugeuka papo hapo kana kwamba barabara imekunjwa. Ama asimame kwenye makutano, ageuze baiskeli, aanze upya, ama aanze kupinda kabla ya makutano na kukata kona. Kichwa cha mashine yetu, pamoja na mota yake ya kuzungusha biti, kina uzito kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Nacho kina njia hizo hizo mbili. Kusimama, au kukata. Ya tatu hakuna, kwa sababu kubadilisha mwelekeo bila kupoteza kasi na bila kupinda njia kungehitaji nguvu isiyo na mwisho, na hakuna mota ya namna hiyo inayouzwa popote.

Nilianza kazi mwaka 2017 katika karakana moja nje kidogo ya mji wa Unguja, upande wa Mwanakwerekwe. Tunatengeneza milango. Anayeijua Zanzibar anajua maana yake: miimo miwili, kizingiti juu, mfaa katikati, na juu ya mbao hizo zote nakshi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na milango yake imepigwa picha nyingi kuliko watu wake. Hoteli zinaitaka. Watu wanaojenga nyumba mpya Fuoni na Bweleo wanaitaka. Mafundi wa kuichonga kwa patasi wanapungua, na waliobaki hawawezi kuchonga milango mitano kwa mwezi. Ndiyo maana tajiri wetu alinunua mashine, na ndiyo maana aliniajiri mimi, mwenye stashahada ya ufundi mitambo, niiendeshe.

Mjomba wangu alikuwa pale kabla yangu. Amechonga milango tangu ujana wake. Mashine ilipoingia, kazi yake ilibadilika ikawa kumalizia: kuondoa nyuzi za mbao, kusugua, kunoa ncha za majani, kupaka mafuta. Alikuwa akilipwa kwa siku, na wote tulijua kwamba siku hizo zingehesabiwa upya mara tu mashine itakapojifunza kumaliza yenyewe. Tajiri hakulificha jambo hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkopo.

Katika juma langu la kwanza, Mjomba aliniita kwenye mwimo uliokuwa umetoka mashinini. Ukingoni mwake ulipita mchirizi wa pembe pembe, unaopanda na kushuka kama meno ya msumeno, kila pembe nyuzi 90. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya pembe moja, kisha nyingine, kisha ya tatu.

"Mwanangu," akasema, "nani kaila pembe?"

Nikainama kutazama. Kweli, upande wa ndani wa kila mgeuko ulikuwa umelika. Badala ya ncha kulikuwa na kibega. Nikachukua kalipa, nikapima: karibu milimita moja.

"Na huku," akasema, akinivuta kwenye mzabibu uliopanda katikati ya mwimo, "huku nako kuna mtu anatetemeka."

Kwenye mzabibu mambo yalikuwa kinyume. Hapakuwa na pembe yoyote. Ni mzunguko mmoja mrefu unaojikunja na kujikunjua. Lakini mashine ilipofika pale ilipunguza mwendo hadi kutambaa, na sauti yake ikawa ya kukwaruza, kama mtu anayesoma herufi moja moja. Mbao ilibaki na vialama vidogo vidogo ambavyo huvioni vizuri mpaka upake mafuta.

Mjomba akaifupisha hali nzima kwa maneno ambayo hakuna mwalimu wangu aliyewahi kuyafikia: "Inasita pasipo na pembe, inakimbia penye pembe."

Nilikwenda nayo kauli hiyo nyumbani na nikaifanyia hesabu.

Mchoro wa mzabibu, ukishapitia kwenye programu ya kutayarisha njia ya biti, haubaki mzabibu. Unakatwa kuwa vistari vifupi vilivyonyooka. Vyetu vilikuwa vya milimita 0.1. Mita nne za mzabibu ni vistari 40,000, na kila kistari ni amri inayojitegemea. Macho yako yanaona mkunjo. Kidhibiti, yaani ile kompyuta inayotuma mapigo ya umeme kwenye mota, kinaona migeuko 40,000.

Sasa, kasi tuliyoitaka ilikuwa milimita 50 kwa sekunde, na mchapuko wa mashine, kwa maana ya uwezo wake wa kuongeza au kupunguza kasi, tuliuweka milimita 500 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa kanuni ya fizikia ya sekondari, mashine hiyo ikiwa katika kasi yake kamili huhitaji milimita 2.5 ili isimame. Na hapa ndipo penye siri: kidhibiti chenye busara hakikimbii kuliko umbali ambao kina hakika kwamba kitaweza kusimama ndani yake. Kikiwa kinasoma vistari 25 mbele, vya milimita 0.1 kila kimoja, kinaona milimita 2.5, na kinaweza kukimbia kwa kasi yote. Kikiwa kinasoma kistari kimoja tu mbele, hakijui kama baada ya hapo kuna njia au ukuta. Lazima kiwe tayari kusimama ndani ya milimita 0.1. Kanuni ile ile inakupa kasi ya milimita 10 kwa sekunde. Tano ya mwendo.

Kompyuta yetu ilikuwa ikiendesha LinuxCNC, programu huria ambayo asili yake ni mradi wa miaka ya 1990 wa NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya serikali ya Marekani. Toleo tulilokuwa nalo lilikuwa la zamani, na matoleo hayo yalikuwa yakitazama kipande kimoja tu mbele. Mashine haikuwa imechoka kama tajiri alivyodhani, wala reli zake hazikuwa zimelika. Ilikuwa na macho ya karibu.

Tatizo hili lilianza zamani. Mwaka 1952, katika Maabara ya Servo ya chuo cha MIT huko Marekani, watafiti walionyesha mashine ya kwanza ya kukata chuma iliyoongozwa kwa namba, zikisomwa kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kazi hiyo ililipiwa na jeshi la anga, na wazo lake lilitoka kwa John Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta kutoka Michigan. Panga la helikopta lina umbo linalopinda polepole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huwezi kuliandika lote. Unaandika nukta, kisha unaitegemea mashine ipite kati ya nukta na nukta. Tangu siku ile hadi leo, kila anayeandika mkunjo kwa namba anauvunja kwanza, halafu anaomba uungwe tena njiani.

Kuhusu mzabibu, basi, dawa ilikuwepo. LinuxCNC toleo la 2.7, lililotoka mwaka 2015, lilileta mpangaji mpya wa mwendo anayetazama vipande vingi mbele. Nilipakua toleo hilo usiku, intaneti ikiwa na nafuu, nikalijaribu kwanza kwenye kompyuta ya nyumbani, kisha nikalibeba kwa flashi hadi karakana. Mzabibu ukaanza kupita kwa sauti moja isiyokatika. Mjomba aliposikia aliacha kusugua, akasimama nyuma yangu, asiseme kitu. Kwake hiyo ni sifa.

Lakini pembe ziliendelea kuliwa.

Hilo lilikuwa suala jingine. Juu kabisa ya kila faili letu, katika mistari ya utangulizi iliyokuja na kiolezo cha muuzaji wa mashine, palikuwa na neno G64. Maana yake: changanya mwendo mmoja na unaofuata, usisimame. Katika LinuxCNC neno hilo linaweza kufuatwa na herufi P na namba, na namba hiyo ni ahadi: usipotoke zaidi ya hapa. G64 P0.05 ina maana ya kata kona ukitaka, lakini usiiache njia niliyokuandikia kwa zaidi ya milimita 0.05. Ikikosekana namba, maana yake ni shika kasi iliyo bora, popote utakapoangukia.

Kiolezo chetu hakikuwa na namba.

Nilirudi kwenye karatasi. Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kuchanganya miendo miwili ni kuuanzisha wa pili wakati ule ule wa kwanza unapopunguza kasi. Kwa namba zetu, kwenye pembe ya nyuzi 90, biti hupita umbali wa milimita 0.88 kutoka kwenye ncha. Kalipa ilikuwa imesema karibu milimita moja. Aliyekula pembe, basi, ni nafasi tupu mbele ya neno G64. Na kwa kuwa njia iliyokatwa hupita ndani ya pembe, ilichukua mbao ambayo ilipaswa kubaki. Patasi inaweza kuongeza mchirizi upande wa nje. Upande wa ndani haiwezi kufanya kitu; mbao iliyoliwa hairudi.

Nilimweleza tajiri. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mteja anatazama mlango, hatazami pembe." Akaongeza kwamba kama nitaiamuru mashine isimame kila mahali, tutarudi kule kule kwenye kutambaa, na yeye hakununua mashine ili itambae.

Kwa upande mmoja alikuwa sahihi. Ipo amri ya kusimama kabisa mwisho wa kila mstari, G61.1, na niliijaribu kwenye kipande cha mtiki kilichobaki. Mita nne za mzabibu ambazo kwa kasi kamili huchukua sekunde 80, kwa kusimama kila milimita 0.1 huchukua dakika 19. Na ubaya wake si muda peke yake. Biti inayozunguka mara 18,000 kwa dakika huku haisogei inaacha kukata na kuanza kusugua, na mbao inayosuguliwa namna hiyo huungua. Kipande changu kilitoka na weusi kama wa mkate uliosahauliwa kwenye makaa. Kusimama nako kunaacha alama yake.

Kwa hiyo nikazihesabu pembe. Si migeuko yote ya faili; pembe, zile ambazo mtu akiuona mlango angeziita pembe. Katika kizingiti na miimo yote miwili, mchirizi ule ulikuwa na pembe 240. Kwa kasi na mchapuko wetu, kusimama kwenye pembe moja badala ya kuikata kunaongeza sehemu ya kumi ya sekunde. Pembe zote 240 zinaongeza sekunde 24.

Sekunde 24 kwa mlango ambao mteja ataishi nao mpaka wajukuu wake.

Nilikaa na namba hizo mbili mezani, dakika 19 na sekunde 24, na ndipo nikaelewa kauli ya Mjomba kwa uzito wake. Amri ni ile ile, simama. Gharama zinapishana kiasi hicho kwa sababu ndani ya faili kuna migeuko ya aina mbili iliyoandikwa kwa herufi zile zile. Kuna pembe ambayo mchongaji aliikusudia, na kuna pembe iliyozaliwa na namna tunavyoandika, kwa vile tu namba haziwezi kushika mkunjo mzima mkononi. Ya kwanza inastahili kusimamiwa. Ya pili inastahili kupitwa kana kwamba haipo. Na kidhibiti, hata kikisoma vistari elfu mbele, hakiwezi kusema kwa hakika ipi ni ipi. Kuna vidhibiti vinavyopima ukali wa mgeuko na kupunguza mwendo ukizidi kiasi fulani, na vinasaidia. Lakini ukali wa mgeuko si kusudio.

Hilo nililithibitisha nilipochapisha mchoro mzima kwenye karatasi kubwa na kumpelekea Mjomba pamoja na penseli nyekundu. Nilimwomba aweke alama kila mahali ambapo yeye, kwa patasi, angesimama.

Nilitarajia azitie alama zile pembe 240 na anirudishie. Alikaa nayo siku mbili. Pembe zote za mchirizi zilikuwa zimetiwa alama, ndiyo. Lakini alikuwa ametia alama pia kwenye ncha za majani ya mzabibu, mahali ambapo mstari unageuka kwa ulaini kiasi kwamba hakuna programu ingeona kitu. "Jani linakwisha hapa," alisema. "Likikwisha lazima pumzi ikatike, ndipo jani jingine lianze. Usipokata pumzi, si majani hayo, ni kamba." Na upande wa pili, aliacha bila alama migeuko mikali minne kwenye mnyororo unaozunguka mlango, pale pete moja inapopita chini ya nyingine. Nikamuuliza kwa nini. Akanichukua hadi Mji Mkongwe jioni ile, akanionyesha kwa kidole kwenye mlango mmoja wa zamani: pete inayopita chini haisimami, inazama. Aliyeuchonga mlango ule aliinua patasi bila kuisimamisha.

Yale maarifa hayakuwa kwenye mchoro. Hayakuwa kwenye faili, wala katika kidhibiti, wala kwangu. Yalikuwa kwenye mkono wa mtu anayelipwa kwa siku kusugua mbao.

Nikayaingiza kwenye programu. Njia inaanza kwa G64 P0.05, ili mzabibu upite bila kukata sauti na bila kupotoka kwa kiasi ambacho ukucha unaweza kukihisi. Kabla ya kila alama nyekundu naweka G61, inayoitaka mashine ifike kwenye nukta yenyewe hata kama itabidi isimame. Baada yake narudisha G64 na namba yake. Faili linakuwa refu kidogo. Mlango mzima unachukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa zaidi ya awali, na kwenye pembe nyingine hubaki doa dogo la joto ambalo Mjomba huliondoa kwa pigo moja la patasi.

Tajiri aliuona mlango wa kwanza uliotoka hivyo, akapitisha kidole, akasema safi. Mteja aliagiza miwili zaidi. Sidai kwamba ni kwa ajili ya pembe.

Ninaposikia vijana wenzangu wakibishana kama mashine zitawaondoa mafundi, nayasikia maswali yakiulizwa kwa ujumla mno. Mashine yetu ilikuja na kiolezo kilichoandikwa na mtu asiyewahi kuuona mwimo wa Unguja, na ndani yake palikuwa na nafasi tupu iliyokuwa ikiamua, kwa niaba yetu, nakshi zetu zitakuwa na pembe au vibega. Hakuna aliyekusudia ubaya. Nafasi tupu haikusudii kitu. Lakini mtu asiyejua kwamba nafasi hiyo ipo hawezi kuijaza, na mtu anayejua ipo lakini hajui pembe ipi ni ya kweli ataijaza kwa namba yoyote. Kazi inahitaji wote wawili wakae kwenye karatasi moja.

Kuhusu malipo, hatujafika. Tajiri anakubali kwamba michoro yenye alama nyekundu inatoa milango iliyo bora, ila kwa hesabu yake kuweka alama si kazi, ni kuongea. Kazi ni patasi, na patasi sasa inatumika saa mbili kwa siku badala ya nane. Nilimwandikia karatasi yenye namba zile mbili, dakika 19 na sekunde 24, na chini yake nikauliza tofauti hiyo tuiweke kwenye jina la nani. Alisema ataifikiria baada ya mwezi wa Ramadhani.

Mjomba hajalalamika. Amenunua penseli ya pili, ya buluu. Nilimuuliza ya nini, akaniambia nyekundu ni ya kusimama, buluu ni ya kupunguza mwendo tu. "Maana mwanangu," alisema, "si kila pembe inataka usimame. Nyingine inataka ujue tu kwamba ipo."

Hiyo nayo natafuta namba yake.